Watoto wa mwaloni na kifungu cha 56

Ndugu Mhariri,

Kila mjadala wa elimu unapoibuka hapa Mwanza, hakosi mtu wa kusema kwamba ubaguzi wa shule ni habari ya Marekani na ya Makaburu, sisi tuliumaliza zamani. Nusu ya kauli hiyo ni kweli, na ni nusu ya kujivunia. Tanganyika ya mkoloni ilikuwa na shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, kila kundi na bajeti yake. Sheria ya Elimu ya 1961 iliuvunja mpangilio huo, na kuanzia Januari 1962 nchi ikawa na mfumo mmoja. Baadaye Sheria ya Elimu ya 1978, katika kifungu cha 56, ikakataza mtu kunyimwa elimu kwa sababu tu ya rangi, dini, siasa au itikadi yake.

Tuisome orodha hiyo taratibu. Umaskini haumo. Umbali haumo. Ulemavu na jinsia havimo. Ulemavu ulisubiri Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010. Binti aliyejifungua alisubiri hadi waraka wa Novemba 2021 ndipo akaruhusiwa kurudi darasani katika shule ya Serikali.

Wamarekani wamelipitia jambo hili kwa uchungu, na faida ya kuwasoma ni kuona mahali walipokwama. Tarehe 17 Mei 1954 Mahakama yao ya Juu, katika kesi ya Brown, ilitamka kwamba kutenga wanafunzi kwa rangi katika shule za umma kunavunja Katiba. Wilaya moja ya Virginia, Prince Edward, ilipoamriwa kuchanganya watoto ilizifunga shule zote za umma kuanzia 1959 hadi 1964. Wazungu wakajianzishia shule binafsi, watoto weusi wakabaki mitaani. Lakini pigo lililodumu lilikuja kimyakimya zaidi. Mwaka 1973, katika kesi ya Rodriguez kutoka Texas, mahakama ileile iliona kwamba shule za mtaa maskini kupata fedha kidogo kwa sababu zinategemea kodi ya majengo ya eneo lao hakuvunji Katiba. Mwaka uliofuata, katika kesi ya Detroit, ikakataa kuzihusisha wilaya 53 za pembezoni katika mpango wa kuchanganya wanafunzi wa jiji. Kesi zote mbili ziliamuliwa kwa kura tano dhidi ya nne. Rangi ilikuwa imeshaondolewa kwenye sheria. Mpaka wa wilaya na mfuko wa fedha vikaendelea kuwatenga watoto walewale.

Na sisi? Ibara ya 11 ya Katiba yetu inaitaka Serikali ihakikishe watu wote wanapata fursa sawa na za kutosha za elimu. Wengi huinukuu na kuishia hapo. Ibara ya 7(2) inasema masharti ya sehemu hiyo hayatekelezwi na mahakama yoyote, kwa hiyo mzazi wa kisiwa cha Ukara hawezi kuisimamia peke yake mbele ya jaji. Ibara yenye meno ni ya 13. Katika kufafanua neno "kubagua" inataja, pamoja na rangi na dini, mahali mtu alipotokea na hali yake ya maisha. Maneno hayo mawili yanamgusa mtoto wa mwaloni, yaani wa ufukweni panapotia nanga mitumbwi ya wavuvi, kuliko kifungu cha 56 chote.

Nieleze kwa hesabu. Elimu bila malipo ilipoanza 2016, ruzuku ya shule ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Katika hizo, 6,000 zilikwenda shuleni na 4,000 zilibakizwa kwa ajili ya vitabu. Shule ya mjini yenye wanafunzi 1,500 hupata kwa hesabu hiyo milioni 9. Shule ya kisiwani yenye wanafunzi 150 hupata laki 9, yaani 75,000 kwa mwezi, na katika hizo inalipa chaki, karatasi za mitihani, ukarabati, pamoja na nauli ya mtumbwi wa kuvileta vyote. Kiwango ni kimoja kwa kila kichwa, gharama si moja. Hapo hakuna aliyekusudia kubagua, na mtoto amebaguliwa.

Kanuni za uwiano zina kasoro hiyohiyo. Wanafunzi 45 kwa darasa na kwa mwalimu, ukigawa kwa shule ya watoto 150, unapata vyumba vinne na walimu wanne. Watoto hao wamesambaa kuanzia awali hadi darasa la mwisho. Matokeo yake chumba kimoja kina madarasa mawili yaliyopeana migongo, na mwalimu akiugua, kundi zima halina mtu. Shule ndogo za visiwani zinahitaji kiwango cha chini kisichoshuka: chumba kimoja kwa kila darasa, mwalimu asiyepungua mmoja kwa kila darasa, na nyumba ya kumfanya akae.

Mjini tatizo limegeuka. Kwenye mitaa ya milimani kama Mabatini na Igogo nyumba zimebanana juu ya mawe, na kiwanja cha kuongeza shule ni shida kukipata. Mzazi anaweza kujipimia mwenyewe. Shule ya watoto 1,500, nusu wasichana, inatakiwa kuwa na vyumba 34, madawati 500 ya kukaa watatu watatu, na matundu ya choo 68: 38 ya wasichana (moja kwa 20) na 30 ya wavulana (moja kwa 25). Nendeni mkahesabu. Tundu likipungua, wa kwanza kubaki nyumbani ni msichana aliyevunja ungo. Mwenye uwezo humhamishia mwanawe shule ya mchepuo wa Kiingereza, na akiondoka huondoka na sauti yake kwenye kikao cha wazazi.

Kuna kosa jingine linalowaumiza watoto wa wavuvi, na kulizuia hakuhitaji fedha. Familia za dagaa huhama mwalo hadi mwalo, na mtoto hupelekwa shule mpya kwa maneno tu. Kila mwanafunzi ana namba yake katika mfumo wa PReM wa Baraza la Mitihani. Asipohamishwa ndani ya mfumo, shule ya zamani inamhesabu mtoro na shule mpya haimtambui. Tatizo huonekana wakati wa kusajili mitihani ya kitaifa, na muda umekwisha. Mzazi, kabla ya kupakia mtumbwi, mwombe mwalimu mkuu aanzishe uhamisho kwenye mfumo na uondoke na namba ya mtoto imeandikwa. Ukifika, hakikisha shule mpya imempokea humohumo.

Kuhusu watoto wenye ualbino, mkoa wetu una deni. Shule ya Mitindo, Misungwi, iliwapokea wengi wakati wa mauaji ya watu wenye ualbino, na ilikuwa sahihi kuwalinda. Lakini kinga ya dharura haifai kuwa makazi ya utoto wote. Mtoto mwenye uoni hafifu anaweza kusoma shule ya jirani akikaa mbele, mbali na mwanga wa dirisha, akipewa maandishi yaliyokuzwa, ruhusa ya kusogelea ubao, kofia pana wakati wa michezo na muda wa nyongeza kwenye mtihani. Madirisha yasiyo na kivuli na walimu wasiofundishwa haya ndiyo yanayomrudisha bwenini.

Michango nayo isemwe wazi. Sare, madaftari, kalamu na chakula cha mchana ni wajibu wa mzazi. Mchango wa ujenzi au wa mlinzi ni wa hiari, na mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu haukulipwa. Akirudishwa, mzazi aandike barua kwa mwalimu mkuu na nakala kwa mtendaji wa kata na afisa elimu wa halmashauri, aweke tarehe na abaki na nakala yake iliyogongwa muhuri.

Naziomba halmashauri zote za mkoa, kuanzia Ilemela na Nyamagana hadi Ukerewe na Buchosa, zibandike kwenye mbao za matangazo za kata, kabla shule hazijafunguliwa Januari, idadi ya wanafunzi, vyumba, walimu, madawati na matundu ya choo ya kila shule, na kiasi cha ruzuku kilichoifikia. Madiwani wakae na karatasi hiyo mkononi wanapogawa fedha za ndani.

Mwalimu mstaafu,
Kirumba, Mwanza