Bethdei za kwenye TV na baba anayeacha sigara mbele ya grupu

Mhariri, salamu na pole na kazi. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua, nina mambo mawili ila naona yana mzizi mmoja.

La kwanza ni hizi bethdei. Binti yangu anatimiza miaka 16 mwezi wa nane, na toka wafunge shule kazi yake ni kunionyesha kwenye simu vipande vya kile kipindi cha MTV, My Super Sweet 16, kilianza 2005 huko Marekani, nadhani wenye ving'amuzi enzi hizo mnakikumbuka. Watoto wa wenye hela wanafanyiwa sherehe ya kutimiza 16 na kamera zinawafuata kuanzia siku ya kuchagua gauni mpaka usiku wenyewe, msanii mkubwa kalipwa aje aimbe, halafu mwishoni ukumbi mzima unatolewa nje kwenda kuangalia gari jipya. Mtoto wa Diddy, yule rapa wa Marekani, mwaka 2010 alikabidhiwa gari aina ya Maybach iliyotajwa kuwa ya dola 360,000, na ndo kwanza ana 16.

Lakini kuna kipande kimoja nilimwambia binti arudishe nyuma nikione tena. Mama kampa mwanae Lexus siku kadhaa kabla ya sherehe. Mtoto badala ya kushukuru anaangua kilio, anamfokea mamake, eti kaharibu kila kitu, gari lilitakiwa litokee usiku ule watu wote wakiwepo. Jamani gari ni lile lile, la kwako, ufunguo unao mkononi! Ila bila watu wa kuona halina ladha. Na mialiko nayo wanaigawa hadharani, anayepata anapiga kelele na asiyepata anasimama pale pale anaangalia, maana raha yenyewe nusu yake ni huyo aliyekosa.

Tusiwacheke sana Wamarekani. Siku hizi hapa kwetu bethdei ya mtoto wa mwaka mmoja ina kamati, ina emsii, ina sare, ina mtu wa vidio na mchango unadaiwa kwa meseji, mwenye siku yake keshalala begani kwa bibi yake hajui hata kinachoendelea. Sisi tulikuwa ukitoka shule unakuta wenzio wamejificha nyuma ya nyumba na ndoo, unamwagiwa maji mpaka unatetemeka, jioni pilau na soda basi. Namsifu binti yangu kitu kimoja, hafichi, kaniambia "mama mi nataka watu waposti".

Sasa la pili ni baba yake. Anavuta sigara tangu hatujaoana. Usiku wa mwaka mpya saa sita kamili akatangaza kwenye grupu la ukoo kwamba kuanzia leo yeye na sigara basi, na hela yake yote itafanya bethdei ya binti. Weee! Hongera kaka, hongera baba mkubwa, shangazi akatuma sauti ndefu anamshukuru Mungu mpaka analia, mtu kawa shujaa hata asubuhi ya kwanza haijafika. Januari haijaisha nakuta vichungi kwenye kopo la maziwa ya unga nyuma ya tangi la maji. Anavuta kwa kujificha kama mwanafunzi wa bweni, na kukiri kwamba karudia hawezi, kwa sababu grupu zima limeshampongeza. Na binti naye keshapiga hesabu, elfu tatu kwa siku kwa mwaka ni milioni moja na elfu tisini na tano, keshaitafutia ukumbi, kwa hiyo kila baba akinuka moshi yeye anaona kaibiwa sherehe. Sasa mtu ataachaje sigara katika hali hiyo?

Najua wapo watakaosema wataalamu wenyewe wanashauri ukitaka kuacha uwaambie watu. Ni kweli wanashauri, ila wanasema watu wako wa karibu, maana yake yule atakayekuvumilia ukiwa na hasira bila sababu na usingizi umekata, siyo watu mia na kitu wa kukupigia makofi kwenye simu. Siku za mwanzo mwanzo ndo ngumu kuliko zote, ila kila hamu inapokuja ukiishikilia dakika chache inapita, na baada ya wiki kadhaa mwili unatulia. Wengi hawaachi kwa mara ya kwanza, wanajaribu wanarudi wanajaribu tena, na hiyo siyo aibu. Kuna hata bablishi za nikotini za kusaidia, Shirika la Afya Duniani limeziweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2009, shida nenda kaziulize kwenye duka la dawa mtaani kwako uone utakavyoangaliwa. Sigara yenyewe lakini kila kibanda ipo, unauziwa hata moja.

Na hapa Morogoro tumbaku inasindikwa hapa hapa, nina majirani kila msimu wanakula kwa hiyo kazi, sitaki ugomvi na mtu. Mi nasema habari ya sebule yangu. Moshi wa wenzao unaua zaidi ya watu milioni moja wasiovuta kila mwaka duniani, na anayekaa karibu na kiti cha baba jioni akiangalia tamthilia ni huyo huyo binti tunayemtafutia ukumbi.

Basi nimeyatenganisha. Bethdei itakuwa nyumbani, marafiki zake awachague mwenyewe, keki itatoka kwa dada jirani anayeoka, na akitaka kuposti aposti. Hela ya sigara haihusiki kabisa. Baba watoto nimemwambia achague siku yoyote, hata Jumanne, asimtangazie mtu, aniambie mimi tu, na kuanzia leo kuvuta ni nje ya geti. La geti kakubali. La siku anasema nimpe muda.

Shangazi, kama gazeti limekufikia, nakuomba hii usiipeleke kwenye grupu.

Mama wa watoto, Kihonda, Morogoro