Yah: Malalamiko kuhusu mgawanyo wa gharama na faida katika usambazaji wa dawa

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,

Ninasimamia stoo ya dawa ya hospitali inayonunua kwenu. Ubia tulioingia nanyi umetuelemea.

Mlituomba tuwatumie takwimu za matumizi kila siku badala ya oda ya mwisho wa mwezi. Tulikubali, kwa kuwa hoja yenu ilikuwa ya kweli. Hospitali inayoogopa kuishiwa huagiza zaidi ya inachotumia, msambazaji naye huongeza juu yake, na kiwanda hujikuta kikitengeneza dawa zisizo na mgonjwa. Sasa mnaona dawa zinavyotoka kila siku kwenye dirisha letu la kutolea dawa, na meneja wenu alituambia kikaoni kuwa mmepunguza akiba ya bohari na safari za magari.

Anayewezesha hayo ni mfamasia wangu, anayebaki baada ya zamu kuskani misimbo pau (mistari ya utambulisho kwenye maboksi) na kuhesabu maboksi. Vifaa vya kuskania tulinunua wenyewe. Friji za insulini na oksitosini (dawa ya kuzuia mama kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua), dawa zinazotakiwa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8 za Selsiasi, umeme wake tunalipa sisi. Bei yenu haijashuka hata kidogo.

Kilichonifanya niandike ni shehena ya mwisho. Mlileta insulini iliyobakiza wiki sita tu kuisha muda, tena nyingi kuliko takwimu zetu zilivyoonyesha. Tulitumia tuliyoweza, iliyobaki tuliiteketeza, na gharama ya kuteketeza ikawa yetu pia. Mkajibu kwamba kwa mujibu wa mkataba, mzigo ukishapokelewa ni wa mnunuzi. Lakini kiasi mlipanga ninyi, na tarehe mliijua ninyi. Kumwaga insulini huku wapo wanaoihitaji ili waishi kuliniuma sana.

Sina neno na madereva wenu. Wametufikishia mizigo hata usiku wa manane.

Naomba mtuonyeshe hesabu ya mlichookoa tangu tuanze kuwatumia takwimu, na sehemu yake irudi kwetu kama punguzo la bei. Kifungu cha mapokezi kibadilishwe: anayeamua kiasi ndiye abebe hasara ya kinachoisha muda. Dawa iliyobakiza chini ya miezi sita isipakiwe bila idhini yetu ya maandishi. Insulini tuliyoteketeza, mrudishe fedha yake.

Nasubiri majibu ndani ya siku 14. Yasipofika, tutaacha kutuma takwimu na kurejea oda za mwezi.

Msimamizi wa Stoo ya Dawa