Barua ya wazi kwa Meneja wa Stima wa Eneo Letu: tuma watu wapime kama stima ya kituo inaingia ardhini

Mheshimiwa Meneja,

Salamu kutoka Busia. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua zangu za bahasha hupokelewa vizuri, hugongwa muhuri, kisha hulala.

Juma lililopita radi ilipiga jioni, na ng'ombe wa jirani yangu akafa hatua chache nje ya ua wa kituo cha kupozea umeme. Mtoto aliyekuwa akimfungua kamba alitupwa chini, nyayo zikababuka. Dawa zake tunachanga sisi majirani. Mtu wako alikuja, akatazama, akasema ni kazi ya Mungu.

Mimi ni fundi wa waya za nyumba tu, Mheshimiwa, lakini naamini radi haikumpiga ng'ombe yule. Ilipiga laini, stima ikatafuta ardhi. Chini ya kituo hufukiwa wavu wa waya za shaba, kina cha nusu mita hivi, umefungwa kwenye vyuma virefu vilivyopigiliwa ardhini, ili hitilafu ikitokea stima isambae bila kuua mtu. Waya mmoja huzungushwa nje ya ua, kama mita 1, kwa ajili ya mpita njia atakayeshika ua. Ndio huo mwizi anaufikia bila kuruka popote. Mwaka jana tulikuta mtaro mbichi pale nje, kama wa mtu aliyechimba waya, tukamweleza mwenyekiti wa kijiji (LC1), naye akakuandikia. Mkatuletea kibao kipya chenye fuvu. Kizuri sana, ila ng'ombe hasomi.

Tena ng'ombe ndiye anayeumia upesi: miguu ya mbele iko mbali na ya nyuma, stima hupanda huku ikashukia kule, moyo ukiwa katikati. Mtu akisimama ana nafuu kidogo, mpaka ashike ua. Na akina mama wanaanika nguo kwenye ua ule! Nimewakataza, wananiuliza mbona wenye kituo hawajasema kitu.

Kokoto nazo zimekwisha. Zile hazikuwekwa kwa urembo. Tabaka la sentimita 10 au 15 hutenga miguu na udongo wenye maji. Sasa ni majani matupu, na kokoto nadhani zimo kwenye misingi ya nyumba za watu. Labda pia udongo ulipimwa wakati wa mvua tu, maana kiangazi hukauka ukakataa stima. Nyinyi ndio wenye makaratasi.

Ulituahidi kushughulikia ndani ya wiki mbili, mbele ya wazee. Wengine wao bado wanauliza ni wiki za mwaka gani.

Sikuombi transfoma mpya, wala leo sidai fidia ya ng'ombe, ingawa mwenyewe anaidai. Tuma watu wenye kipimo cha athi, yaani cha kuona stima inaingiaje ardhini. Kituo kidogo kama chetu hakifai kuzidi omu 5 hivi, omu ndiyo kipimo cha ukinzani, jinsi ardhi inavyoikataa stima. Basi watusomee namba kwa sauti. Wapime na kwenye ua, upande wa nje, tunakopita sisi, si katikati ya kituo tu. Waje hata Jumapili, chai tutawapikia. Wapime, Mheshimiwa.

Wako mtiifu,
Fundi wa mtaani, Busia