Mwanangu Mwanaidi, nimeisoma hiyo kozi yako

Tanga, Ijumaa baada ya swala

Mwanangu Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Jumapili nilikukatia simu, na tangu siku hiyo mama yako ananijibu kwa "ndiyo" na "hapana" tu. Uliposema kwamba shahada unayosoma huko Ohio, Marekani, kwa ufadhili wa mpira, haitoshi kukufanya "athletic trainer", mtu wa kutunza wanamichezo wanaoumia, kwamba baada yake kuna miaka mingine miwili, mimi nilisikia ada. Mengine yote yalinipita. Sasa nimekaa siku nne na miwani yangu na simu ya kaka yako, nimesoma. Unajua baba yako alikuwa karani wa bandari miaka 27. Hati naanza kuisoma kwa chini, kwenye maandishi madogo, maana deni hupenda kukaa huko.

Kwanza nikiri. Nilidhani unataka kuwa mtu wa jimu, wa kuwahesabia matajiri pushapu. Jina lenyewe linapotosha, lina "treina" ndani yake. Kumbe ni kazi ya utabibu, na chama cha madaktari cha Marekani kiliitambua hivyo tangu 1990. Nikakumbuka ile klipu uliyonitumia, ya Cincinnati, Januari 2, 2023, Damar Hamlin, mchezaji wa mpira wa Kimarekani, kaanguka na moyo umesimama. Wachezaji wamefanya duara, wanalia, na sisi hatuoni kitu. Aliyekuwa ndani ya lile duara akimkandamiza kifua ni Denny Kellington, na yeye ni mtu wa kada hiyo hiyo unayoitaka. Hamlin alirudi kucheza mpira.

Goti langu unalijua, ulikuwa ukilikanda kwa maji ya chumvi ulipokuwa darasa la tatu. Ila sijawahi kukusimulia dakika ile yenyewe. Ilikuwa 1989, timu sitaitaja, wengine bado tunasalimiana msikitini. Nilitua vibaya, nikasikia "tap" ndani ya goti, kama ukuti mkavu ukivunjika. Akaja jamaa wa ndoo. Tulimwita daktari, lakini siku za kazi alikuwa akiuza samaki. Alinimwagia maji, akanipaka dawa ya kuchua, akauvuta mguu mara mbili. Kocha akapiga kelele kutoka pembeni: "Msuli tu huo, inuka!" Nikainuka. Nikacheza dakika kama ishirini nyingine, goti likicheza huku na huku kama bawaba iliyolegea. Usiku lilikuwa limejaa kama dafu. Mpira wangu uliishia pale, nikiwa na miaka 22, na simlaumu yule wa samaki, hakuna aliyemfundisha. Uliponiambia kwamba fizio wa timu yenu ya chuo alimtoa nahodha uwanjani na kocha akanyamaza, nilikaa na jambo hilo muda mrefu.

Basi tuje kwenye karatasi.

Ulivyoniambia mwaka juzi, kwamba ukimaliza hiyo shahada ya sayansi ya mazoezi unafanya mtihani na unaanza kazi, haikuwa kweli hata siku ile unaniambia. Sisemi ulinidanganya, nadhani hukujua. Wakuu wa kada hii waliamua tangu 2015 kwamba kazi hii iingiwe kwa shahada ya uzamili, na baada ya muhula wa vuli wa 2022 programu za shahada ya kwanza zilikoma kupokea wanafunzi wapya. Kwa hiyo unachosoma sasa ni ngazi ya kupandia. Mtihani wa taifa, ule wa BOC, bodi inayotoa cheti cha kazi hii, unaufanya ukiwa unamaliza au umemaliza uzamili kutoka programu yenye ithibati ya CAATE, chombo kinachokagua programu hizi, kisha ndipo unaomba leseni, maana karibu kila jimbo linaidai. Kama programu haina ithibati, mtihani huruhusiwi, hata wawe na jengo zuri namna gani. Nyingine zina ithibati lakini zimewekwa chini ya uangalizi, nalo ulitazame. Kipimo chao ni hiki: katika miaka mitatu ikijumlishwa, angalau asilimia 70 ya wahitimu wawe wamefaulu ule mtihani kwa mara ya kwanza, na matokeo hayo chuo lazima kiyaweke wazi. Nitafutie namba hiyo kwa kila chuo unachokitaka. Picha za bwawa la kuogelea usinitumie.

Halafu kuna ule mpango wa miaka mitatu ya shahada ya kwanza na miwili ya uzamili, ambao mshauri wako anausifu. Unaokoa mwaka mzima wa ada, na mimi wa kwanza ningeukimbilia. Lakini hebu tazama, mama. Mwaka wako wa nne ungekuwa mwaka wa kwanza wa uzamili, na mchana wa saa za mazoezi ungekuwa kwenye uwanja wa timu nyingine, umebeba begi la bandeji. Huwezi kufunga watu vifundo na huku unapiga kona. Ufadhili wako umeshikwa na mpira. Ukiuacha mpira, tunaokoa ada ya mwaka na kupoteza ya mwingine. Mimi naona umalize misimu yako minne, ndipo uingie. Lakini wewe ndiwe uliye huko, nipigie hesabu unionyeshe.

Masomo wanayoyadai kabla ya kuingia nimeyaandika nyuma ya kalenda: baiolojia, kemia, fizikia, saikolojia, anatomia na fiziolojia. Umeiona hiyo ya tatu? Fizikia uliikimbia ulipoingia kidato cha tatu, ukaniambia hutaihitaji maishani. Imekufuata mpaka Ohio. Ichukue muhula ujao, usiiache hadi mwisho, kwa sababu programu nyingi zinaanza kiangazi, na somo moja lililobaki linaweza kukusukuma mwaka mzima. GPA, yaani wastani wa alama zako, wengi wanataka 3.0, wengine wanashuka kidogo.

Masaa ya kushuhudia kazi pia wanayadai, wengine 50, wengine 100, chini ya mtu mwenye cheti, naye anasaini. Yale uliyolala kwenye kitanda cha fizio wenu na barafu kwenye paja usiyahesabu. Muombe akuruhusu msimu ukiisha, ukae na timu ya mieleka au vikapu, uone majeraha ambayo mpira wetu hauna. Huyo huyo ndiye atakayekuandikia barua moja ya kukupendekeza. Nyingine mtafute mwalimu wa sayansi anayekujua kwa sura, si kwa namba ya usajili.

Chanjo: mama yako ametoa kadi yako ya kliniki kwenye sanduku la khanga, na Homa ya Ini B zote tatu zina tarehe. Kaka yako ataipiga picha. Ila watakupima kifua kikuu, na wewe una kovu la BCG, chanjo ya kifua kikuu, begani. Kile kipimo cha kudungwa chini ya ngozi kinaweza kuvimba kwa ajili ya chanjo hiyo tu, ukaanza kuzungushwa kwenye eksirei. Omba cha damu, BCG haikisumbui.

Na kazi yako ya kuosha vyombo kwenye bwalo, zile saa 20 kwa wiki unazoruhusiwa, usizitegemee ukiwa uzamili. Kuna angalau wiki 4 za kufanya kazi kliniki siku nzima, na kabla hujakanyaga kliniki ya nje ya chuo, pita ofisi ya wanafunzi wa kigeni uulize kuhusu viza yako. Uliza kwa maandishi, ujibiwe kwa maandishi.

Kiwanja cha Pongwe bado kipo. Mnunuzi amekuja mara mbili, nimempa chai akaondoka. Siku utakayonitumia barua ya kukubaliwa, yenye jina la programu nililolihakiki mwenyewe kwenye orodha ya CAATE, nitamwita arudi.

Jumapili piga baada ya Isha ya huku. Nitakuwa nimekaa kibarazani, simu mkononi, na safari hii sikati.

Baba yako