Mgonjwa wa kiharusi aulizwe mwenyewe

Ndugu Mhariri,

Minada ya korosho haiko mbali, nami naandika kwa ajili ya wakulima waliopata kiharusi wakapotewa na maneno. Huku Newala na Tandahimba msimu ndio unaowaumbua. Mikorosho ni yao na akaunti ni yao, lakini fedha zikiingia wanaamua wengine. "Mzee hajielewi," basi, yamekwisha.

Mara nyingi mzee anajielewa. Hali hii ya kupotewa na maneno madaktari wanaiita afasia. Hutokea damu inapokosa kufika, au inapovuja, kwenye sehemu ya ubongo inayoshughulikia lugha, ambayo kwa watu wengi iko kushoto. Ndiyo maana maneno yakipotea, aghalabu mkono na mguu wa kulia nao hulegea. Mwaka 1861 daktari Paul Broca wa Paris alimchunguza mgonjwa ambaye kila aulizwalo alijibu "tan". Lakini alikuwa akielewa karibu yote anayoambiwa, na akiulizwa hesabu alionyesha kwa vidole.

Baba yangu mdogo ni wa namna hiyo. Msimu uliopita karani wa chama cha msingi cha ushirika alimuuliza mwanawe jina la baba, na baba mwenyewe amekaa pale pale. Nikaomba aonyeshwe karatasi mbili zenye kilo tofauti za korosho. Akaigusa ya kwake bila kusita.

Wapo pia ambao maneno yanawatiririka lakini hayashikamani, na kuelewa kwao kumeathirika. Hao huambiwa wametupiwa jini, wakazungushwa kwa waganga huku presha haitibiwi. Hili ndilo linaloniuma zaidi, maana presha iliyoachwa hivyo inaweza kuleta kiharusi cha pili.

Ndugu wanaouguza, msipaze sauti. Masikio yake ni mazima. Zimeni redio, ulizeni jambo moja la kujibiwa ndiyo au hapana, kisha subirini, hata kama kimya kinawachosha. Kama nyumbani alizoea Kimakonde, jaribuni Kimakonde, kwani kwa mwenye lugha mbili moja huweza kurudi kabla ya nyingine. Wala msidhani anajifanya mkimsikia akisoma Fatiha yote ilhali jina la mkewe limemshinda. Yaliyozoeleka kwa kukaririwa huweza kusalia pale maneno ya kutunga yanapokwama.

Mazoezi ya usemi yanasaidia. Nafuu huja kwa kasi zaidi miezi ya mwanzo, lakini huweza kuendelea kwa miaka. Naiomba Wizara ya Afya ihakikishe Hospitali ya Kanda ya Kusini na hospitali za mikoa, Ligula ya Mtwara na Sokoine ya Lindi, zina wataalamu wa tiba hiyo wa kutosha, nao wafundishe ndugu mazoezi ya kuendeleza nyumbani. Vyama vya msingi navyo viwaelekeze makarani kabla ya mnada wa kwanza: mkulima asiyeweza kusema aonyeshwe maandishi na tarakimu, apewe muda wa kujibu, na fedha zake zisiguswe kabla hajajibu.

Mwalimu mstaafu,
Newala, Mtwara