Barua ya wazi kwa Gavana wa Benki Kuu (BoT): hizo bilioni 9 zimeingia au zimesajiliwa?

Shikamoo Mheshimiwa Gavana. Mimi ni mhasibu tu wa hapa Dar, kampuni yetu wenye hisa nyingi wako nje, na lile dodoso la mitaji ya kutoka nje likija linatua mezani kwangu, bosi anasema wewe ndo unajua hayo mambo. Kwa hiyo naongea kama mtu wa jikoni, hizo takwimu mi nazionaga zikiwa bado unga.

Kilichonifanya niandike ni ubishi wa kijiweni. Jamaa yangu mmoja kashikilia kabisa kwamba mwaka 2024 nchi imepokea dola bilioni 9.3 za wawekezaji. Nikamwambia UNCTAD, lile shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, kwa mwaka huohuo wanasema kama bilioni 1.7 tu, akaniita mpinzani. Sasa mheshimiwa namba zote mbili zipo, ila ile 9.3 ni thamani ya miradi 901 iliyosajiliwa TIC, kile Kituo cha Uwekezaji cha wakati ule, yaani kile mtu alichoandika kwamba anakusudia kuweka, labda kidogo kidogo kwa miaka kadhaa, labda nusu yake atakopa benki za hapahapa, na humohumo kuna miradi ya Watanzania wenzetu, maana sheria ya 2022 iliyokuwepo wakati ule ilimruhusu mzawa kusajili kuanzia mtaji wa dola 50,000. Mradi wa mtu wa Singida unageukaje pesa ya kigeni? Bandari ya Bagamoyo si ilisainiwa 2013, tukatajiwa bilioni 10, mngeziandika mwaka ule leo mngezifuta na nini?

Upande wa pesa iliyoingia kweli nako kuna mambo yake. Anayehesabiwa ni mgeni mwenye kuanzia asilimia 10 ya kampuni, chini ya hapo ni mnunuzi wa hisa wa kawaida, anahesabiwa kwingine. Kisha tunajumlisha mtaji wa hisa, mkopo kutoka kampuni mama, na faida iliyobaki. Hiyo faida ndo watu hawaielewi. Tuseme kampuni ya mgeni imepata faida dola milioni 3, wenyewe wakachukua gawio milioni 1, zile 2 zilizobaki zinaandikwa ni uwekezaji mpya wa mwaka huo japo hakuna hata senti iliyovuka mpaka. Na tukimlipa mama deni lake inatolewa, ndo maana kuna kampuni mwaka mwingine inasoma hasi na wala haijafunga mlango.

Halafu kuna mauzo yanayopita juu ya vichwa vyetu. 2010 Bharti, Wahindi wenye Airtel, walinunua biashara ya simu ya Zain Afrika kwa dola bilioni 10.7, hapa mabango yakabadilishwa rangi na jina, ila bei yenyewe walilipana hukohuko nje, mtu aliyeona bango jipya akadhani mtaji mpya umeingia anasamehewa.

Na mimi si malaika. Mwaka mmoja kwenye mkopo wa kampuni mama nilijaza salio lote la tangu tuanze badala ya kilichoingia mwaka ule, nikashtuka usiku nimelala, asubuhi nikawahi kurekebisha. Kidogo niiongezee nchi mtaji hewa kwa safu moja tu ya fomu! Wangapi hawashtuki?

Ombi langu si kubwa. Najua ripoti mnatoa na NBS, watu wa takwimu za taifa, na wenzenu wa uwekezaji, na waliomo humo wanazisoma, lakini mwananchi anapata ile namba ya jukwaani. Naomba kila inapotajwa thamani ya miradi iliyosajiliwa, ofisi yako itoe palepale, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja tu, kilichoingia mwaka huo ni kiasi gani, faida iliyobaki ni ngapi na mikopo ni ngapi, na ile namba ya mwaka juzi mliyoirekebisha imetoka wapi kwenda wapi, maana kurekebisha si aibu, kunyamaza ndo kunaleta maneno. Na kama pesa imepitia nchi ya katikati kama Mauritius mseme mwenye nayo hasa ni wa wapi, pale mnapomjua.

Dodoso likija tena nitalijaza mapema, safari hii salio nimeliweka kwenye karatasi yake.

Ni mimi,
Mhasibu, Dar es Salaam