Wenye gym, hizi kamera mtazinyamazia mpaka lini?

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongee na wenye gym za hapa Nairobi, hasa hizi za mitaani, kwa sababu sisi wateja tumelalamika wenyewe kwa wenyewe mpaka tumechoka na hakuna kinachobadilika.

Shida ni simu. Na kabla mtu aniite mshamba, simu hata mimi naingia nayo, nani ataiacha kwa loka haina kufuli? Kuna mwenye ameacha mtoto na dada wa kazi mgeni, kuna anayengojea mteja amtumie M-Pesa, na wengine wetu bila muziki hatuwezi kumaliza hata seti mbili. Kwa hivyo wale wanaotaka simu zipigwe marufuku kabisa siko upande wao. Mtu anayebeba chuma nzito lazima apumzike dakika mbili tatu ndio nguvu irudi, na akisoma WhatsApp zake hizo dakika mimi hainiumi kitu. Inaniuma zikifika kumi, amekalia benchi, kidole kinapanda kinashuka, ukimuuliza kama bado anatumia anakwambia "imebaki seti moja tu" na hata macho hajainua. Hiyo ni saa kumi na mbili jioni, watu wametoka kazini, benchi ni mbili, na foleni iko kama ya matatu siku ya mvua.

Halafu kuna wale wa laudspika. Juzi mama mmoja aliendesha mkutano mzima wa chama akiwa kwa mashine ya kukimbilia, tukajua nani amelipa, nani amekopa na nani anamhepa mweka hazina, mpaka jamaa mmoja kule kwa dambeli akaanza kutoa ushauri. Hiyo ilichekesha, sitadanganya.

Lakini hayo ni madogo, mtu ukimwambia kwa upole atasikia. Kilichonifanya niandike ni kamera. Siku hizi kijana anaingia na tripodi na ile taa ya mviringo, anaziweka katikati ya njia kule kwa vyuma vya skwati, simu ya pili anaiegemeza kwa chupa ya maji hapo chini sakafuni, halafu sisi ndio tunaambiwa "samahani madam, sogea kidogo unaingia kwa video." Jameni, si nimelipa kama yeye! Na ukikataa kusogea basi unaingia kwa video kweli, usiku uko TikTok umeinama, jasho tele, fulana imepanda mgongoni, na watu hujawahi kuwaona wanajadili mwili wako.

Tulikuwa na mama mmoja wa makamo, anakuja asubuhi, daktari alimwambia apunguze uzito kwa sababu ya presha. Alikuwa anatembea pole pole kwa mashine akishikilia vyuma vya kando na mikono yote miwili, dera juu ya suruali ya mazoezi, hasumbui mtu. Kijana akarekodi video ya kuonyesha vile mwili wake umebadilika, mama akatokea nyuma, na maoni yakawa ni ya mama tu, vikatuni vya kucheka kutoka juu mpaka chini. Mtoto wake ndiye aliiona kwanza. Yule mama hajarudi, na presha yake sijui anaipeleka wapi.

Nilimuuliza mwenye gym yetu kwa nini hasemi kitu. Akanijibu bila kuficha, hao vijana wanatuletea wateja. Na ni ukweli, jina la gym limechorwa ukutani, kila video inalionyesha, ukurasa wa gym nao unaichukua na kuirusha tena, tangazo la bure hilo. Sasa hapo ndio nataka wenye gym wafikirie vizuri. Katiba Kifungu cha 31 inampa kila mtu haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data iko tangu 2019, si jambo geni. Mwaka wa 2023 Kamishna wa Data aliipiga klabu moja ya hapa Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ruhusa yake. Angalieni nani aliambiwa alipe, ni biashara. Na hiyo ni klabu ya starehe, mahali mtu huenda akiwa amejipamba, sembuse mahali unaenda ukijua utatoka umelowa.

Kwa vyumba vya kubadilishia nguo hapo sitaki hata mjadala. Wenzetu wanajipiga picha kwa kioo na nyuma kuna mtu anavaa. Huko Los Angeles mwaka 2016 mwanamitindo mmoja alimpiga picha ajuza wa miaka 70 akiwa uchi kwa chumba kama hicho, akaituma Snapchat kumcheka. Gym ikamfungia mlango, na mwaka uliofuata korti ikamhukumu siku 30 za kusafisha michoro kwa kuta za mji na uangalizi wa miaka mitatu.

Sisemi vijana wasirekodi, wengine hiyo ndio kazi inawalisha na mazoezi yao nimejifunza mengi kwayo. Wapewe kona, kamera iangalie ukuta, au wapewe zile saa za mchana gym ikiwa tupu, na mtu mwingine akionekana aulizwe kwanza kabla video haijaenda popote. Simu ya kuongea, toka nje kwa ngazi. Benchi hutumii, inuka. Na mainstrukta wasituachie sisi wateja hiyo kazi ya kugombana, wao ndio wanalipwa.

Kama mwenye gym anaona haya kusema kwa mdomo, aandike kwa karatasi aibandike pale mlangoni chini ya till namba, hapo hakuna mtu hupita bila kusoma.

Mpiga chuma wa jioni,
Donholm, Nairobi